Zimebaki Jozi Mbili

Hilja wa ghorofa ya chini ana miaka sabini na minane
na nyonga moja ya chuma.
Februari hii Tartu imevaa barafu hadi kwenye ngazi za kanisa,
akaja kunigongea, miwani mkononi:
"Si wewe unayefanya kazi kwenye lile duka lisilo na mlango?
Nataka miiba ya kuvalisha viatu. Namba thelathini na nane."

Nikamkalisha mbele ya skrini.
Sikumwambia kwamba ukurasa ule ni wangu,
kwamba kitufe cha rangi ya chungwa, kikubwa kama biskuti,
nilikisogeza siku tatu kulia, siku mbili juu,
mpaka kidole cha mteja kikakifikia kabla ya akili yake;
kwamba "Hapana, asante" niliipaka kijivu
cha theluji iliyokanyagwa,
maandishi ya sisimizi, chini kabisa, pembeni.

Lakini penye ukweli na usemwe:
kichujio cha namba za viatu nacho ni changu.
Akabofya thelathini na nane, na bidhaa mia sita zisizomfaa
zikaondoka kimya kimya, kama wageni wenye adabu.
"Ah," akasema Hilja, "hapa kuna mtu aliyenifikiria."
Kichwa kikanivimba. Nikamwongezea chai.

Yeye husoma kila kitu kwa sauti, polepole,
kama wakili na wosia.
Akasoma bima ya mwaka mmoja, tiki imeshawekwa.
"Nani kaweka tiki hii?"
"Mashine," nikasema.
Akasoma: Watu kumi na wanne wanatazama bidhaa hii sasa.
"Maskini. Wote wameanguka?"
Akasoma, kwa wino mwekundu: Zimebaki jozi mbili tu.

Hapo nikajua atabofya. Hapo wote hubofya.
Tulilipima jambo hili wiki sita, mimi na Kaupo,
mauzo yakapanda kwenye chati kama maziwa jikoni.
Ile mbili haitoki ghalani.
Inatoka kwenye mstari mmoja wa msimbo
nilioandika nikiwa na njaa, kabla ya chakula cha mchana:
chagua namba yoyote, moja hadi tatu.

Hilja akavua miwani.
"Watu kumi na wanne, jozi mbili.
Hakosi mwenye miguu mibovu kuliko yangu.
Mimi bado nina fimbo."
Akainuka, akashukuru kwa chai,
akashuka, ngazi moja,
akapumzika,
ngazi moja.

Kizuri chajiuza, walisema waliotangulia.
Na hiki kilikuwa kizuri: mpira mzito, meno kumi ya chuma.
Sisi tukakitembeza mpaka kikampita mwenye shida nacho.

Kaupo, kesho yake, hakucheka wala hakukasirika.
"Mmoja," akasema. "Mmoja kati ya elfu ngapi?
Mshahara wako unatoka kwa hao wengine."
Kweli. Na mkopo wa nyumba, na hii chai.
Nikateremka ghalani, nikahesabu kwa kidole:
maboksi mia nne na kumi.

Jioni nimepiga magoti mlangoni kwa Hilja,
navuta mpira juu ya kisigino cha buti lake.
"Na yule mwingine," ananiuliza kutoka juu, "alipata?"
"Zilikuwepo nyingi."
"Basi mbona waliandika mbili?"

Mpira ni mgumu kwa baridi. Nauvuta polepole,
jino baada ya jino,
kama kazi isiyoruhusu mtu kuinua macho.